TAHADHARI: ile pinboli ya Dr. Dude inayouzwa kwenye magrupu, mashine yenyewe ipo kwangu Ngamiani

Ndugu zangu wa Tanga, Muheza, Korogwe na sasa naona hadi Bagamoyo, kama umetumiwa picha za mashine ya gemu, ile ya kupiga mpira wa chuma, kabati refu la miguu minne na kioo cha juu kimechorwa mwanasayansi kichaa na mitambo yake, tafadhali usitume hata mia. Vuta picha uangalie kona ya chini kulia ya kile kioo, kuna ufa kama mzizi unapanda juu. Ukiuona huo ufa ujue hiyo mashine ninayo mimi, ipo kwenye banda langu la puli tebo barabara ya 12 tangu mwezi uliopita, haiuzwi na wala haiwaki. Juzi alhamisi mtu kanitumia tangazo jipya, picha zilezile, sasa inasemekana mzigo upo Bagamoyo. Mwili ulinisisimka.

Nieleze ilivyokuwa. Tangazo nililikuta kwenye grupu la mnada, "pinboli orijino kutoka Marekani, ilikuwa hoteli ya mzungu Pangani kafunga biashara karudi kwao, milioni 3 maongezi yapo". Mimi hizi mashine nimezitamani tangu mdogo kwa sababu mjomba wangu alikuwa baharia, akirudi likizo anatusimulia bandari za huko alikopita na hizo gemu za mpira wa chuma, taa zinawaka, kengele zinalia, na sasa mzee anaumwa miguu anakaa nyumbani tu, nikasema hii nikiiweka bandani na yeye atakuja kukaa pale jioni acheze. Ndo ukweli wenyewe, nilinunua kwa moyo.

Jamaa akanielekeza kistoo kimoja Mikanjuni. Anaongea kwa adabu sana, kila sentensi kaka, kaka. Mashine niliiona kwa macho yangu, nikasema washa tuione, akasema luku imeisha. Nikamwambia nanunua mimi umeme wa elfu tano sasa hivi, akasema mita ina deni la mwenye nyumba ukiweka hela inakatwa yote. Hapo ndo ningeondoka. Badala yake akatoa simu akanionyesha video ya mashine inachezwa, inalia, inawaka, akasema hii ndo yenyewe aliirekodi kule Pangani. Tukashushana mpaka milioni 2 na laki 4. Nikatuma kwanza laki 9 kishika uchumba, jina lililotokea kwenye simu la mwanamke, namuuliza akasema shemeji yake ndo anamtunzia hela, nikatuma. Kesho yake nikamalizia, tukaipakia kwenye kirikuu, na ile kitu ina uzito, inazidi kilo 100, tuliishusha vijana wanne wakihema.

Fundi wangu wa redio alivyofungua kile kichwa cha juu alinyamaza kwanza. Mashine hizi zina betri tatu ndogo kwenye bodi ya kompyuta za kutunza kumbukumbu, zikiachwa miaka zinavuja maji makali yanayokula bodi, bodi yote imeliwa imegeuka kijani. Tukafungua chini, transfoma hakuna, koili za vile vikono vya kupigia mpira hakuna, hata sumaku iliyokuwa chini ya ubao ya kunasa mpira imeng'olewa. Shaba yote imeshaenda kwa wanunua skrepa. Nililouziwa ni sanduku la mbao na michoro.

Na ile video haikuwa hata ya mashine hii, hili lishikeni sana maana bado anaitumia. Nimekaa nimesoma. Hii inaitwa Dr. Dude, ilitolewa na Bally mwaka 1990, aliyeibuni ni Dennis Nordman na michoro ni ya Greg Freres, mchezaji unakusanya vitu vitatu, moyo wa rock, mvuto wa sumaku na kipaji cha kuongea, halafu unapiga ule mwale wa daktari. Ni gemu nzuri kweli, ikiwa nzima huko Marekani wanalipa maelfu ya dola. Sasa sehemu yake ya kuonyesha pointi ina mistari miwili ya herufi na namba tu, basi. Kwenye video ya jamaa ile sehemu ina skrini ya vidoti inayochezesha vikatuni, na skrini za namna hiyo zilianza kwa hao watengenezaji mwaka 1991, yaani baada ya hii. Ningelijua hilo siku ile ningekuwa na hela yangu.

Simu yake ilizimwa jioni ileile. Siku ya nne akaja bandani baba mmoja mtu mzima kutoka Korogwe, ana risiti za miamala kwenye simu, na yeye kalipa kishika uchumba laki 5 kwa mashine hiihii wiki mbili kabla yangu, kaambiwa na vijana wa Mikanjuni imebebwa imeletwa kwangu, akadhani mimi ndo mwizi. Tulisimama pale tunaangaliana, nikamfungulia kioo akaona mwenyewe ndani kulivyo, akakaa chini. Sikuwa na la kumwambia nikamtafutia maji. Kisha akapatikana dada wa Muheza, naye laki 3. Hao ni tunaojuana.

Jina siliandiki hapa kwa sababu lile la kwenye laini ni la mtu mwingine na sitaki kumchafua asiyehusika. Polisi tumeshachukua RB, na namba zote mbili tumeziripoti kwenye 15040. Na wewe akikutumia meseji fanya hivyohivyo, na piga *106# uangalie kama hakuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usiyoijua, maana hawa laini wanazotumia siyo zao.

Kwa anayetaka pinboli ya kweli, aiwashe mbele yako ucheze mpira mpaka uishe, na afungue kichwa uone bodi. Ya soko la Marekani ni ya volti 120, hapa kwetu 230, kwahiyo uliza transfoma yake imebadilishwa waya au la, akikwambia we chomeka tu ondoka.

Nani kalipa na bado hajasema? Njoo inboksi na meseji za miamala yako, jumatatu saa 3 asubuhi tunaenda kituoni wote watatu kuongeza maelezo, yule wa Bagamoyo aliyetangaziwa juzi kama unasoma hapa nipigie kabla hujatuma, hata usiku wa manane nitapokea na nitakuwashia video uione mashine ilipo.