Karata za taroti za Waite na Smith: uzoefu wangu na wazungu 16

Ukishazizoea turufu 22 na karata za namba, linabaki kundi moja la taroti, ile seti ya karata 78 ninayoitumia kuwasaidia watu waseme yaliyo moyoni, linalowakwamisha wanafunzi wengi: wazungu. Nazungumzia karata za picha, zile ambazo wachezaji wa karata kwetu wanazijua kama mzungu wa pili, wa tatu na wa nne. Kwenye taroti wako 16, wanne kwa kila aina: Ghulamu, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme. Aina zenyewe si ngeni kwa aliyecheza karata barazani. Vikombe ni kopa, panga ni shupaza, sarafu ni uru, fimbo ni pau, na hapa nitatumia majina hayo hayo.

Seti ninayoieleza ilitolewa London mwaka 1909 na William Rider & Son. Arthur Edward Waite ndiye aliyeipanga, na Pamela Colman Smith ndiye aliyechora karata zote 78. Watu wengi huiita kwa majina ya Rider na Waite peke yao. Mimi nasema Waite na Smith, kwa sababu thamani yake yote iko kwenye mkono wa Bi Smith. Mwaka huo huo wa 1909 alimwandikia rafiki yake Alfred Stieglitz, mpiga picha wa New York, kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Alifariki mwaka 1951 kule Bude, Cornwall, bila utajiri wowote, na kazi yake leo iko mikononi mwa watu dunia nzima. Hilo linaniuma kila nikifungua boksi.

Kwa anayetaka kuwaelewa wazungu, michoro hii naipendekeza bila kusita. Maelezo ya Waite, yaliyo kwenye kitabu chake kuhusu karata hizi, siyapendekezi.

Nianze na hayo maelezo, maana ndiyo yanayomchosha mwanafunzi. Waite anataka umchague mzungu wa kumwakilisha muulizaji, yaani anayekuja kusomewa karata, kwa kuangalia nywele, macho na rangi ya ngozi. Pau ni za watu weupe sana wenye nywele za njano au nyekundu, kopa ni za nywele za kahawia hafifu, shupaza ni za kahawia iliyokolea, na uru ni za wenye nywele nyeusi na macho meusi. Kwa kipimo hicho ukoo wangu wote ni uru, na wako pia bila shaka. Kaka mwenye hasira za karibu, shangazi anayelia kwenye kila harusi, mjomba asiyesema neno bila kulipima, wote wanarundikwa kwenye sarafu. Karata ikishindwa kumtenga shangazi na mjomba, inasaidia nini? Halafu ukifika kwenye maana ya karata moja moja, Mfalme wa Pau anaelezwa kuwa mtu wa rangi iliyokolea, kinyume kabisa na kipimo cha mwanzo. Vijitabu vinavyowekwa ndani ya maboksi mara nyingi vinayarudia mambo haya kwa kifupi, bila kuyachambua.

Kwenye umri ni hivyo hivyo. Anasema mwanamume wa miaka 40 na kuendelea apewe Mpanda Farasi, na aliye chini ya hapo apewe Mfalme. Sasa tazama picha: Mfalme ni mtu mzima aliyetulia kitini, Mpanda Farasi ni kijana. Asili ya mkanganyiko huu ni Golden Dawn, chama cha siri cha elimu za uchawi kilichoanzishwa London mwaka 1888, ambacho Waite alikuwa mwanachama wake. Kwao aliye juu ya farasi ndiye mkuu. Mpangilio huo unauona wazi kwenye seti ya taroti iitwayo Thoth ya Aleister Crowley, naye aliyepitia chama hicho, iliyochorwa na Lady Frieda Harris kati ya 1938 na 1943: Mpanda Farasi, Malkia, Mwanamfalme na Binti Mfalme, na hakuna Mfalme kabisa. Kwa hiyo usichukue maelezo ya Thoth ukayabandika kwenye picha za Bi Smith. Vyeo havilingani.

Niliwahi pia kulipia kozi ya mtandaoni iliyowagawa wazungu 16 kwenye zile aina 16 za tabia za Myers-Briggs, jaribio maarufu la kupima tabia za watu. Jedwali lilipendeza, lakini mezani halikunifaa. Linakupa jina la tabia, na muulizaji anataka kujua afanye nini na jambo lake.

Kilichonifungua macho ni kuwatandaza wapanda farasi wanne mezani bila kitabu, nikatazama farasi tu. Wa shupaza anakwenda mbio hadi miti imepinda kwa upepo, bwana wake kainua upanga. Wa pau ameinua miguu ya mbele, ana moto lakini mwendo wenyewe bado haujashika njia. Wa kopa anatembea polepole, na aliye juu yake amekinyoosha kikombe mbele kwa uangalifu. Wa uru, mweusi tii, amesimama kabisa, na nyuma yake kuna shamba lililolimwa. Mtu akiniuliza maana ya wapanda farasi, namwonyesha hao farasi. Ni namna nne za kuliendea jambo, na kila moja ina mahali pake. Yule aliyesimama wengi humdharau wakidhani ni mvivu, ilhali ukilitazama shamba unajua kuna mtu aliyefanya kazi.

Baada ya farasi nikahamia kwenye macho na mikono. Malkia wa Kopa amekikazia macho kikombe chake, na hicho kikombe kimefunikwa, kina malaika ubavuni, wakati vya Ghulamu, Mpanda Farasi na Mfalme viko wazi. Huyu anayajua yaliyo moyoni ila hayamwagi ovyo. Mfalme wake kiti kiko katikati ya bahari iliyochafuka, meli upande mmoja, samaki anaruka upande mwingine, na yeye hata kikombe chake hakiangalii. Mimi humsoma kama mtu aliyejifunza kutulia kwa gharama ya kutojitazama, na karata hii ikitoka kwa mtu anayeulizia ndoa, huwa naitilia uzito. Ghulamu ndiye ninayempenda kuliko wote: samaki amechungulia kutoka kikombeni, na kijana wala hashtuki, anamtazama kama mgeni aliyekuja na habari.

Malkia wa Pau ana alizeti mkononi na paka mweusi miguuni, na huyo paka anakutazama wewe msomaji. Wengine hutumia mpango wa Golden Dawn wa moto, maji, hewa na udongo, ambapo malkia wote ni maji na pau ni moto, hivyo huyu anakuwa maji ndani ya moto. Ni mpango mzuri kwa anayependa utaratibu. Mimi paka ananitosha.

Swali linalobaki ni kubwa zaidi: mzungu akitoka, ni nani? Ni mtu mwingine, ni muulizaji mwenyewe, au ni mwenendo unaotakiwa? Jioni moja binti wa shangazi yangu alikuja na ugomvi wake na kaka yake kuhusu kodi ya nyumba aliyoiacha marehemu baba yao. Nikachanga karata, akachagua. Kushoto akatoka Malkia wa Shupaza, kulia Mpanda Farasi wa Shupaza. Kwenye seti hii Malkia huyo anatazama kulia na farasi huyo anakimbilia kushoto, kwa hiyo walikuwa uso kwa uso: mmoja anakuja mbio na upanga juu, mwingine ameketi, upanga wima, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele.

“Huyu mwenye farasi ni kaka,” akasema papo hapo.

“Inawezekana. Na anayemsubiri?”

Akanyamaza kidogo. “Mama. Mama ndiye hukaa hivyo tangu baba afariki.” Kisha akaishika simu yake. “Lakini dada, nina meseji hapa nimeiandika tangu asubuhi, ndefu. Nikiituma, mwenye farasi ni mimi.”

Waite anampa Malkia wa Shupaza maana ya ujane, na hapo lazima nimpe haki yake, neno hilo liligusa penyewe. Lakini Mpanda Farasi aligeuka kutoka kaka kuwa yeye mwenyewe bila mimi kusema lolote, kwa sababu picha ilimwachia nafasi ya kujiona. Tangu hapo sitangazi tena mzungu ni nani. Namwuliza muulizaji, kisha nafuata macho ya karata yanaelekea ipi ya jirani.

Nimejaribu kufanya hivyo na seti ya mtindo wa Marseille, ule wa zamani wa Ufaransa. Ni karata nzuri, na zina historia ndefu, ila wazungu wake wamebeba alama zao tu, hawana bahari, shamba wala paka. Kwa anayeanza ni kazi ngumu. Karata za Wamamluki, watawala wa zamani wa Misri, zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, hazina hata sura za watu, zimeandikwa vyeo tu: mfalme, naibu wake, na naibu wa pili. Na ile seti ya karne ya 15 kutoka Milan iliyoko Chuo Kikuu cha Yale ina wapanda farasi wa kike na maghulamu wa kike. Natamani Bi Smith naye angewachora.

Wapo watakaoniuliza kuhusu ramli. Sipigi ramli, wala sijawahi kumwambia mtu kesho yake. Taroti ilizaliwa Italia kama mchezo, na mimi naitumia kuwasaidia watu waseme lililowakaa rohoni. Anayeona dini yake inamkataza, namheshimu na simshawishi.

Kwa ujumla naipa seti hii nyota nne kati ya tano, na moja iliyopungua ni ya maandishi. Ukinunua, chukua ukubwa wa kawaida. Toleo la U.S. Games la 2009, lile la kuadhimisha miaka 100, lina rangi tulivu na halichoshi macho. Zile ndogo za mfukoni zinafaa safarini, ila hazifai kujifunzia wazungu: sungura aliye chini kwenye karata ya Malkia wa Uru anabaki doa, na salamanda, wale wanyama kama mijusi, kwenye vazi la Mpanda Farasi wa Pau hutawaona kabisa.