Kliniki ya meno ya watoto Mwenge: mzazi ndiye anayefundwa

Kliniki hii ndogo iko juu ya duka la dawa, si mbali na kituo cha daladala cha Mwenge jijini Dar es Salaam, na huduma ninayoieleza hapa ni uchunguzi wa meno ya watoto unaofanyika Jumamosi asubuhi. Niliwapeleka wanangu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine ambaye hajatimiza mitatu, na hakuna aliyekuwa akilalamika maumivu. Nasisitiza hilo kwa sababu wazazi wengi jijini humtafuta daktari wa meno baada ya mtoto kulia usiku kucha, na hapo mara nyingi kinachobaki ni kung'oa.

Daktari hakuanza na kinywa cha mtoto; alianza na mimi. Alinikabidhi mswaki, akasema, "Mama Salma, msafishe meno kama mnavyofanya nyumbani," kisha akatulia kutazama. Nilipomaliza alimpaka binti yangu rangi ya zambarau inayonata kwenye utando wa uchafu. Meno ya mbele yalibaki meupe, lakini magego ya nyuma na kandokando ya ufizi palikolea rangi, jambo lililomchekesha sana mwenye meno alipopewa kioo. Kwa mdogo, nilielekezwa kumlaza kichwa kikiwa mapajani mwangu, kuinua mdomo wa juu kwa kidole na kutazama panapokutana jino na ufizi, kwani mstari mweupe usiong'aa mahali hapo ni dalili ya mwanzo ya kuoza, na katika hatua hiyo jino bado huweza kuokolewa bila kutobolewa.

Maelezo kuhusu dawa ya meno yalikuwa mafupi na ya kueleweka: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6, asubuhi na kabla ya kulala, na mtoto ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi ili madini ya floraidi yabaki kwenye meno. Tuliambiwa tusome boksi na kutafuta floraidi isiyopungua 1000 ppm (yaani sehemu 1000 kwa kila milioni), kwa kuwa baadhi ya dawa zenye ladha ya matunda na picha za vikatuni hazina floraidi kabisa. Pia alituonyesha gego la kwanza la kudumu, ambalo huota nyuma ya meno ya utoto mtoto anapokaribia miaka 6, bila jino lolote kung'oka, na ndiyo maana wengi hulidhania la utoto wakaliacha lioze.

Kilichonipa imani zaidi ni jinsi alivyomjibu bibi mmoja aliyeleta mjukuu mwenye homa na kuharisha, akiamini ana "meno ya plastiki", yaani vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga ambavyo baadhi ya watu hudhani ndivyo vinavyoleta maradhi na lazima vitolewe. Hakumkejeli. Alimweleza kwamba kile kivimbe cheupe ni chonge la utoto ambalo bado limo ndani ya ufizi, kwamba kulichokonoa huweza kusababisha kuvuja damu, maambukizi na hata kuharibu jino la kudumu linalofuata, kisha akamwandikia mtoto rufaa ya kwenda kutibiwa homa siku hiyohiyo.

Kasoro zipo. Miadi ya saa tatu ilikuja kuwa ya saa tano kasoro, bima yetu haikupokelewa, na gharama ya kuziba mifereji midogo iliyo juu ya gego ili lisioze ilitajwa tukiwa tumeshafika dirisha la malipo. Zaidi ya hayo, pale mapokezi kuna friji iliyojaa soda na juisi za boksi, nami bado sijaelewa nani aliyeidhinisha. Kwa anayeona gharama ni kubwa, hospitali za rufaa za Amana, Mwananyamala na Temeke nazo zina huduma za kinywa na meno, ingawa huko foleni inahitaji subira.

Kwa wenye uwezo, ningeshauri waende, tena waombe miadi ya kwanza kabisa ya asubuhi na waulize bei zote kwa simu. Kama nyumbani kuna dada wa kazi, afuatane nanyi mpaka ndani, kwa sababu katika nyumba nyingi yeye ndiye anayeshika mswaki wakati wazazi wako kwenye foleni ya magari.