Siku nne kwenye Mto Yangtze, kutoka Chongqing hadi Maoping: uzoefu wangu

Nasoma Wuhan mwaka wa tatu sasa, na Yangtze nauona karibu kila siku: mpana, rangi ya udongo, matishari yamepangana. Wachina huuita Chang Jiang, mto mrefu, na jina limekaa mahali pake, maana una kilomita 6,300 hivi, wa tatu duniani baada ya Nile na Amazon. Lakini mto ninaouona mjini umeshatulia. Nilitaka kuuona unapopenya milimani, kwenye yale makorongo matatu: Qutang, Wu na Xiling. Katikati ya Juni nikakata tiketi ya meli ya utalii, siku nne usiku tatu, kwa yuani elfu mbili na ushee. Naipa nyota nne. Ya tano nitaeleza ilipopotelea.

Meli huondoka jioni kwenye gati la Chaotianmen, pale Mto Jialing unapoingia Yangtze. Fika Chongqing mapema uende kwanza Makumbusho ya Makorongo Matatu. Kiingilio ni bure. Humo kuna mawe yaliyotolewa kingoni mwa mto, yamechimbika mifereji ya kuingia kidole. Mifereji hiyo haikuchongwa. Ni kamba za mianzi za wavuta mashua, waliokuwa wakizikokota kwa mabega kupanda maji, kizazi baada ya kizazi, mpaka jiwe likalika. Walikuwa na nyimbo zao za kazi, mmoja anaanza na wengine wanaitikia, kama wavuvi wa kwetu wanavyovuta juya. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, na safari yote iliyofuata niliitazama kwa jicho la mawe yale.

Siku ya pili tulishuka Shibaozhai, hekalu la mbao la ghorofa 12 lililoegemea mwamba. Bwawa la Makorongo Matatu, lililojengwa chini huko, lilipojaza mto, hekalu walilizungushia ukuta lisizame, kwa hiyo sasa ni kama kisiwa. Ngazi za ndani ni nyembamba na zina joto. Mwenye matatizo ya magoti abaki chini anywe chai.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Weka saa ya kukuamsha. Tulifika Baidicheng alfajiri, na hapo ndipo Li Bai, mshairi wa enzi ya Tang, alipopata habari mwaka 759 kwamba amesamehewa kifungo cha uhamishoni. Akageuza mashua kurudi, na katika shairi lake nyani wanalia kingo zote mbili huku mashua ikiruka milima elfu kumi. Watoto wa Kichina hulikariri shuleni. Pale sitahani mama mmoja alianza, na abiria wakamalizia pamoja naye.

Kisha lango la Kuimen, mwanzo wa Korongo la Qutang, likafunguka mbele yetu. Kila mtu alitoa noti ya yuani 10 akaiinua, kwa sababu nyuma ya noti hiyo pana picha ya miamba hiyohiyo. Nami niliinua yangu. Picha hiyo ilianza kutumika kwenye noti za mwaka 1999, na maji ya bwawa yalianza kupandishwa 2003, kwa hiyo sehemu ya miamba iliyo kwenye noti sasa iko chini ya meli. Qutang lina kilomita 8 tu. Hata nusu saa halikuchukua. Ukilala, limekupita.

Juni ina faida moja ambayo wauza tiketi hawaitaji. Kabla ya msimu wa mafuriko, maji ya bwawa hushushwa kutoka mita 175 hadi karibu 145, ndipo kingo zote mbili zinaonyesha ukanda mtupu, hauna mti wala nyasi ndefu. Mzee mmoja, mzaliwa wa Fengjie ya zamani, mji uliofunikwa na maji, alinionyesha majini kwa kidole: "Nyumba yetu ilikuwa hapo." Hakuongeza neno. Takribani watu milioni 1.3 walihamishwa, na mimi hesabu hiyo nilikuwa naijua kwa kusoma tu.

Bwawa lenyewe tuliliona siku ya mwisho: ukuta wa zaidi ya kilomita 2, megawati 22,500. Bwawa letu la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, na nilipokuwa nalifikiria hilo nilimfikiria pia yule mzee.

Sasa malalamiko. Wakala aliyeniuzia tiketi alinionyesha picha za meli ikishuka kwenye vyumba vitano vya maji vya bwawa, vinavyoishusha ngazi kwa ngazi. Hatukushuka. Safari iliishia Maoping, juu ya bwawa, tukapandishwa basi hadi Yichang. Meli nyingi hufanya hivyo, lakini angeniambia mapema. Uliza pia ni matembezi yapi yamo kwenye bei. Langu la mashua ndogo kwenye kijito cha Shennong nililipia pembeni.

Chakula: wali, mboga na samaki tele, ila nguruwe yumo hata kwenye mboga zisizomtaja. Kwa Waislamu, waambie jikoni siku ya kwanza neno qingzhen, yaani halali. Mimi walinikaangia mayai na samaki kwenye kikaango cha peke yake bila kununa. Na ile pilipili ya Chongqing haichomi kwanza, inatia ganzi midomo. Maji usiyaweke mbali.

Novemba natarajia kurudi, maji yakiwa yamejaa na majani ya Korongo la Wu yamekuwa mekundu. Safari hii nitapanda kutoka Maoping kwenda juu, taratibu, upande ule ule walioukokotea mashua.