Kinyama au damu?
Saratani ya tezi dume ikishafika kwenye mifupa, mtafiti achukue sampuli gani? Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kwa sindano, kinauma kukitoa, na mzee aliyekwisha kuchomwa sindano ile hakubali tena kirahisi. Ila kikishawekwa kwenye fomalini (dawa ya kuzuia kuoza) na kugandishwa ndani ya nta, kinakaa kabatini miaka bila friji.

Damu ni mirija miwili tu, tena inarudiwa kila kliniki. Lakini kwenye mrija wa kawaida plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, itenganishwe ndani ya saa chache, kisha ihifadhiwe nyuzi 80 chini ya sifuri. Ukiitolea Nansio, kisiwani Ukerewe, kungoja kivuko tu kunaweza kuumaliza muda huo.

Mimi ningetoa damu mgonjwa akifika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuomba ridhaa ya kutumia kinyama cha zamani. Faili lisipoonyesha dawa alizotumia na vipimo vyake vya PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu), kinyama na damu vyote ni kazi bure.