Kifungua mimba cha dola 606: nimeisikiliza upya Bleach ya Nirvana

Haya jamani, karibuni tena. Leo mezani kuna jiki. Sitanii. Albamu hii, ya kwanza ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, inaitwa Bleach, na bleach kwa lugha ya dukani kwetu ni jiki, ile ile unayolowekea shuka nyeupe. Ngoja niisogeze karibu na kamera muione kava. Mnaona? Picha imegeuzwa kama negativu ya zamani: penye giza pamekuwa peupe, penye mwanga pamekuwa peusi, nywele zimerushwa mbele hata sura huzioni. Aliyepiga picha ni Tracy Marander, mpenzi wake Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi, enzi hizo. Sasa hesabu watu jukwaani. Ni wanne. Wewe unayewajua Nirvana kuwa ni watatu utajiuliza, huyu wa nne katokea wapi? Tulia, tutamfikia, maana yeye ndiye aliyelipa bili.

Nililonalo mkononi ni toleo la 2009, lililotoka albamu ilipotimiza miaka 20. Santuri mbili: albamu yenyewe iliyosafishwa sauti upya kutoka kanda za awali, pamoja na onyesho zima walilopiga Portland, Oregon, tarehe 9 Februari 1990.

Kabla sijaweka sindano, nikiri jambo. Mimi nilianza na Nevermind, albamu yao ya pili, kama karibu kila mtu. Kanda ya kunakili, haina kava, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Niliisikiliza mpaka redio ikaitafuna. Rafiki yangu akaniazima Bleach, nikakimbia nayo nyumbani nikitarajia utamu ule ule. Wimbo wa kwanza ukaanza, besi inakoroma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Nikasema hapa nimepigwa. Kesho yake asubuhi nikairudisha.

Kosa langu ndilo lililoiandama albamu hii tangu 1992. Huyu ni kifungua mimba ambaye watu wamemjua baada ya kumjua mdogo wake, kisha wanamlaumu kwamba hafanani naye.

Haya, turudi mwanzo. Kurt Cobain na mpiga besi Krist Novoselic walitokea Aberdeen, mji wa mbao katika jimbo la Washington, mvua na misumeno. Januari 1988 wakaingia studio ya Reciprocal Recording mjini Seattle, kijumba cha pembe tatu, wakarekodi nyimbo kadhaa mchana mmoja. Kwenye dramu walimwazima Dale Crover wa bendi ya Melvins. Prodyuza alikuwa Jack Endino, na kazi ile ilimkuna mpaka akampa nakala Jonathan Poneman, mmoja wa waanzilishi wa lebo ndogo iitwayo Sub Pop. Novemba mwaka huo huo ikatoka singo yao ya kwanza, Love Buzz, nakala 1,000 tu. Na ajabu ni kwamba wimbo wenyewe si wao, ni wa Shocking Blue, bendi ya Uholanzi.

Albamu wakairekodi kati ya Desemba 1988 na Januari 1989, safari hii mpiga dramu ni Chad Channing. Nyimbo tatu za Crover wakaziacha kama zilivyo kwa sababu hazikupatikana bora zaidi: Floyd the Barber, Paper Cuts, na Downer ambayo iliongezwa baadaye kwenye CD. Endino alipopiga hesabu, yalikuwa kama masaa 30 ya studio. Bili: dola 606 na senti 17. Si elfu sita, mia sita. Siku hizi kuna watu wanatumia zaidi ya hapo kwa video ya wimbo mmoja, na hiyo ni gari la kukodi peke yake.

Pesa hizo hawakuwa nazo. Ndipo anaingia yule wa nne, Jason Everman. Akalipa yeye. Wakamweka kwenye kava, wakaandika kwamba amepiga gitaa, ilhali hakuna hata noti moja yake humu ndani. Akaenda nao kwenye ziara ya kwanza ya Marekani mwaka 1989, mambo hayakwenda, wakakatisha maonyesho wakaendesha gari kutoka New York hadi kwao upande wa pili wa nchi bila kuzungumza sana. Pesa yake hakurudishiwa. Baadaye akapiga besi kwenye bendi ya Soundgarden kwa muda mfupi, napo akaondolewa, mwishowe akawa komando wa jeshi la Marekani, akapigana Afghanistan na Iraq. Maisha ya mtu huyu ni video nyingine kabisa.

Na kwenye kava hiyo hiyo jina la Kurt limeandikwa Kurdt Kobain. Hapana, siyo kosa la kiwanda. Ndivyo alivyotaka.

Sasa jina la albamu. Walikuwa San Francisco, wakaona bango la kampeni ya kuzuia UKIMWI likiwahimiza wanaojidunga heroini wasafishe sindano zao kwa jiki. Likamkaa Kurt kichwani. Kwetu pwani, kuanzia Mombasa mpaka Dar, jambo hilo halihitaji tafsiri. Sindano ya unga kupita mkono hadi mkono tumeiona vichochoroni, na wengine tumezika. Kwa hiyo ninapoisoma kava hii sioni neno la kuchekesha.

Haya, sauti. Ngoja nipunguze mnisikie. Huu ni Blew. Mnasikia gitaa lilivyolegea? Nyuzi walizishusha kupita walivyokusudia. Walisahau kwamba walikuwa wamekwisha kuzishusha, wakazishusha tena. Kilichotoka hapo ni tope. Lakini ni tope tamu, na wimbo unatembea ndani yake bila kuharakisha. Mashine ya studio ilikuwa ya njia nane tu, hakuna nafasi ya kurundika magitaa kumi. Unachosikia ni watu watatu chumbani, na dramu ya Channing inasikika kama inapigwa ukutani pako.

Floyd the Barber unamchukua kinyozi mpole wa kipindi cha zamani cha runinga, The Andy Griffith Show, unamgeuza muuaji. Unakwenda kunyolewa, hurudi. Kisha, ghafla, About a Girl. Gitaa safi, sauti inaimba kweli, na unaweza kuupiga huu wimbo kwenye sherehe mama zako wakatikisa vichwa kwa raha. Tracy ndiye aliyemuuliza Kurt mbona hajawahi kumwandikia wimbo; huu ndio jibu. Kurt mwenyewe alikuja kueleza kwamba kuuweka humu ilikuwa hatari, kwa sababu Sub Pop na mashabiki wa Seattle walitaka uzito, walitaka makelele, na yeye upande wake wa nyimbo tamu alikuwa akiufinyia kwapani. Nikisikiliza sasa, kila mara nawaza ni nyimbo ngapi za namna hii aliziacha nyumbani.

Maneno? Ah. Alisema mengi aliyaandika usiku wa kuamkia kurekodi, akiwa na hasira asiyojua ya nini. Na inasikika. School una maneno ya kuhesabika kwa vidole, unarudiwa na kurudiwa, ni kejeli kwamba mji wa wanamuziki wa Seattle umegeuka shule ya sekondari yenye vikundi na umbea. Hapo uhaba wa maneno umesaidia. Kwingine haukusaidia. Scoff na Swap Meet zinaniponyoka. Nikimaliza sikumbuki ipi ni ipi. Sifting, wa mwisho kwenye albamu ya awali, unaburuta miguu zaidi ya dakika tano, na mimi huwa nanyanyua sindano kabla haujaisha. Mnisamehe wanaoupenda.

Lakini Negative Creep! Huu uko mwanzo wa upande wa pili, na ndio sababu santuri ina raha kuliko simu: unageuza, unakaa, unakutana nao uso kwa uso. Gitaa linachimba shimo moja tu, na mtu anapiga kelele mpaka koo linachanika. Hakuna prodyuza wa pesa nyingi ambaye angeiacha sauti ile ilivyo.

Ilipokelewaje? Ilitoka Juni 1989. Haikuingia chati yoyote kubwa. Redio za vyuo vikuu ziliipiga, na magazeti ya muziki ya Uingereza yaliichangamkia mapema kuliko ya kwao, na hilo halikutokea kwa bahati: Sub Pop walikuwa wamemlipia nauli Everett True wa Melody Maker aje Seattle ajionee. Lebo haina pesa ya kulipa bili za simu, lakini nauli ya mwandishi wa habari imepatikana. Nawavulia kofia. Mwisho wa mwaka bendi iko Ulaya, imejazana kwenye gari moja na bendi ya Tad, na tarehe 3 Desemba wanapiga ukumbi wa Astoria, London.

Hata hivyo, kabla ya Nevermind ziliuzwa kama nakala 40,000 hivi. Kwa lebo ile ni nyingi, kwa dunia si kitu. Halafu Januari 1992 Nevermind ikamshusha Michael Jackson kutoka namba moja Marekani, na watu wakarudi nyuma kutafuta walikotoka hawa. Bleach ikachapwa upya, ikapanda hadi nafasi ya 89 kwenye Billboard, chati ya albamu ya Marekani, na kufikia 1995 ilikuwa imepata platinamu, yaani nakala milioni moja. Hakuna albamu ya Sub Pop iliyouza kuliko hii. Pengine ndiyo iliyowalipia hata zile bili za simu.

Waliokuja kupitia mlango huo walisikia kile nilichosikia mimi: rasimu. Wakatafuta mbegu za nyimbo walizozijua, wakaipa About a Girl sifa, zingine wakaziita mazoezi. Mimi nabisha. Watu hawa walikuwa wanaufuata mwendo wa Melvins, polepole na nzito, na walipoamua kuwa wazito waliweza. Pesa zingekuwepo, Paper Cuts ingesafishwa hadi ikafa.

Je, ununue? Toleo hili la 2009, ndiyo, na zaidi kwa ajili ya lile onyesho la Portland. Mle ndani Blew inapigwa kwa kasi ambayo studio haikuikamata, na School unamsikia Channing akiwa na nafasi ya kupumua. Ukiwa na simu na vile vispika vya mezani, subiri kwanza, tafuta hedifoni nzuri. Muziki huu ukikosa besi unabaki mikwaruzo mitupu. Na tafadhali usianze upande wa kwanza. Anza wa pili.

Ngoja niwawekee hapa kidogo. Negative Creep. Subirini... eeh, huyo. Naona jirani ameshaanza kugonga ukuta, na mimi hata sauti sijaongeza.