Udi wa sukari wa Darajani: kagua kopo kabla ya kutoa pesa

Udi huu wa kufukiza, vipande vya mti vilivyopikwa kwa shira ya sukari na kutiwa makopo madogo, unaouzwa vichochoroni Darajani, sokoni Unguja, unafaa, ila usinunue kwa macho. Fungua kifuniko, nusa, kisha bana kipande kwa vidole viwili. Kikiwa na unyevu kidogo bila ya kunata, shira imepikwa ikaiva. Kikivutika kama asali, kiwache: motoni kitatokota, kitagandia chetezo na kutoa harufu ya sukari iliyoungua kabla udi wenyewe haujanukia. Tazama pia wingi wa vipande vya mti. Sukari kazi yake ni kushika mawardi na mafuta tu. Harufu ya kudumu iko kwenye mti, ambao huletwa kutoka Asia na hutoa utomvu wake wa thamani pale unapoingiwa na ukungu ndani.

Kwenye kufukiza ndipo wengi wanapouharibu. Chukua kaa moja lililokwisha kuwa jekundu, lifunike kwa majivu mepesi, subiri dakika tano, ndipo utie udi nusu kijiko cha chai. Kaa lisilo na majivu huuunguza. Nguo zitandazwe juu ya tenga lililopinduliwa, zikiwa na unyevu kidogo. Kavu kabisa hazishiki.

Wapo wanaosema haya yote ni anasa ya kumsahaulisha mtu akhera. Hilo tunalipinga kwa moyo wote. Mtume (s.a.w.) alipenda manukato, na kujitia mafuta mazuri siku ya Ijumaa ni sunna. Mipaka ipo, inajulikana: aliye kwenye ihramu ya hija au umra hajitii manukato, mjane hujizuia eda yake ya miezi minne na siku kumi, na mwanamke ameonywa asipite kwa wanaume ili wainuse harufu yake. Lakini kuwaharimishia mke na mume chumba kinachonukia ni kuzua katazo. Suratul Aaraf, aya ya 32, inauliza ni nani aliyeharimisha pambo Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake.

Kasoro moja kubwa: kopo halina maandishi yoyote ya mafuta yaliyotiwa. Penye mwenye pumu au mtoto mchanga, fukiza nguo uani. Na masika kopo lifungwe barabara, sukari huvuta unyevu na udi hulowa.