ICMIZER: Tano mbili mkononi, halafu inaniambia nitupe!

Aisee, karibuni tena wadau. Kabla sijaanza, niandikieni hapo chini kama sauti inafika vizuri. Maikrofoni ni mpya. Ile ya zamani ilizimika katikati ya video iliyopita, na nusu yenu mkasema nimekata makusudi kwa sababu nilikuwa nafungwa. Sikukata. Nilifungwa kweli, lakini sikukata.

Leo ni programu ya kupigia hesabu mashindano ya poka, ICMIZER. Kufungua akaunti, kuingia, sijui inafunguka kwenye kivinjari, hayo nayaruka, mnayajua. Nina kitu kimoja tu cha kuwaonyesha, kitu kilichoniudhi siku mbili nzima, na siku ya tatu nikakipenda kuliko vyote.

Kwa wageni, haraka haraka. Kwenye mashindano ya poka blaindi, yale madau ya lazima, dogo na kubwa, zinapanda, na chipu zako ukiziangalia zinayeyuka kama barafu ya juisi. Ukibaki na kama blaindi kubwa kumi, mchezo unakuwa wa maneno mawili: naweka zote, au natupa. Hakuna tena ujanja wa kuongeza kidogo ili uone mwenzako anafanya nini. Na kwa kuwa ni maneno mawili tu, kompyuta inaweza kuupigia hesabu mpaka mwisho. Ni ile hesabu ya mwanahisabati John Nash, na kwa taarifa yako, tasnifu yake ya mwaka 1950 pale Princeton ilikuwa na mfano wa poka ya watu watatu ndani yake. Sikutanii.

Haya, njooni kwenye skrini. Tumebaki watatu mezani. Zawadi yote ni dola 100: wa kwanza 50, wa pili 30, wa tatu 20. Jamaa mkubwa ana chipu 5000. Mimi nina 3000. Kuna mdogo wetu pale pembeni, amenyamaza, ana 2000. Swali: chipu zangu zina thamani ya shilingi ngapi? Samahani, dola ngapi?

Ukijibu 30, umejibu kama nilivyojibu mimi. Nabonyeza. 32.75. Jamaa mwenye nusu ya chipu zote je? Si hamsini. 38.39! Na yule mdogo wetu ambaye tulishamhesabu marehemu ana 28.86. Mnaona? Mwenye nyingi, kila chipu yake ina thamani ndogo. Mwenye chache, kila moja ni dhahabu. Hiyo ndiyo ICM, Independent Chip Model, hesabu ya kugeuza chipu kuwa pesa, na mzizi wake wala si poka, ni mbio za farasi: mtaalamu wa takwimu anayeitwa Harville aliandika mwaka 1973 jinsi ya kukadiria nani atashika nafasi ya pili na ya tatu. Baadaye mwandishi wa poka Mason Malmuth akaileta kwenye karata.

Sasa raha yenyewe. Jamaa mkubwa anaweka zote, na tuseme anaweka na chochote, hata hajaangalia karata. Tumewaona watu hao. Mdogo wetu ametupa. Mimi nina tano mbili, yaani karata zangu zote mbili ni za tano. Blaindi naziweka pembeni kwanza ili hesabu itukae kichwani, programu yenyewe inaziingiza.

Tano mbili dhidi ya karata zozote zile zinashinda kama asilimia 60.3. Mtu wa lasti kadi kijiweni anasema nini? Fuata, yaani weka zote na wewe! Sitini kwa arobaini, unasubiri nini tena? Mimi nilifuata. Nilifuata kwenye mashindano kabisa, na niliposhindwa nikasema ni bahati mbaya.

Tazama. Nikitupa, nabaki na dola zangu 32.75. Nikifuata nikashinda, nina chipu 6000, ambazo ni dola 41. Nikishindwa natoka wa tatu, 20. Yaani nahatarisha 12.75 ili nipate 8.25. Gawanya 12.75 kwa jumla ya zote mbili, 21: nahitaji kushinda asilimia 60.7. Nina 60.3. Tupa!

Nilikasirika, jamani. Nilidhani nimeingiza vibaya, nikarudia mara nne. Kwini na jeki za maua tofauti, kama asilimia 58, tupa. Sita mbili, 63, fuata. Kati ya tano mbili na sita mbili ndipo mstari unapita. Siku hiyo nilizima kompyuta nikaenda kula chipsi mayai.

Subirini, bado. Nabadilisha zawadi tu, chipu zilezile. Wa kwanza achukue 100 zote. Mstari unashuka mpaka 50 kamili, kwini na jeki fuata tu. Sasa geuza: yawe mashindano ya kugombea tiketi, wawili wanapata tiketi ya dola 50 kila mmoja, wa tatu hapati kitu. Mstari umepanda mpaka 75! Hapo tisa mbili, zinazoshinda kama asilimia 72, unazitupa. Ree na kingi unatupa! Mtu hajaangalia hata karata zake, na wewe unatupa ree na kingi huku roho inakuuma. Karata hazijabadilika, aliyeweka zote hajabadilika, kilichobadilika ni karatasi ya zawadi.

Hapo ndipo nilipoipenda. Wala haikunifundisha karata, ilinifundisha kusoma karatasi ya zawadi kabla sijakaa.

Najua kuna mtu anaandika "HRC je?" HoldemResources Calculator ni moto, sikatai. Inakwenda mbali zaidi ya weka-au-tupa, mpaka karata zinazofunuliwa mezani. Lakini unaiweka kwenye kompyuta, na ukiipa hesabu pana inataka mashine yenye kumbukumbu ya kutosha. Laptop yangu feni inapiga kelele hata nikifungua barua pepe. Kwenye simu kuna SnapShove ya Max Silver, tamu ukiwa kwenye daladala. Nitazilinganisha siku nyingine. Na ndiyo, video sasa zitatoka Jumamosi, Jumatano imenishinda.

Nimewaambia naipenda, sasa niwapunguzie moto. Pale mwanzo niliandika kwamba jamaa anaweka na chochote. Nani aliniambia? Hakuna. Nilibuni. Nikimfanya mtu wa kusubiri karata nzuri tu, hata hizo sita mbili zinakwenda pipani. Programu inapiga hesabu ya unachoiambia. Ukiidanganya kuhusu mwenzako, inakurudishia uongo wako ukiwa na nukta mbili za desimali, na unauamini zaidi. Halafu ICM yenyewe inachukulia wote mezani tuna uwezo sawa, na haijui kwamba blaindi inakuja kukugonga mkono ujao, yaani mgao ujao wa karata. Kuna kitufe cha kuangalia mikono michache mbele, kitumie, ila kinachelewa kutoa jibu.

Na tafadhali, usiifungue wakati unacheza. PokerStars na GGPoker, tovuti za kuchezea poka, wanakataza msaada wa aina hiyo mezani, akaunti inaweza kufungwa. Unacheza, unamaliza, unapakia kumbukumbu za mikono yako, unakaa na aibu zako. Mimi jana nilipakia mashindano kumi na moja. Makosa yangu makubwa karibu yote ni kufuata. Kuweka zote mimi mwenyewe, niko vizuri. Kutupa ndiko kunakonishinda.

Bei. Kuna ya bure, ila hesabu chache kwa siku. Ukitaka zote ni usajili, kwa dola, na mnajua dola ikigeuzwa shilingi inavyotisha. Wiki iliyopita nilisema kwenye laivu nitalipia mwaka mzima. Nimebadili mawazo. Kama unacheza michezo ya dola moja moja, ya bure inakutosha: chagua mikono mitatu iliyokuuma zaidi siku hiyo, iingize, lala. Na kama huchezi kabisa, usianze kwa sababu yangu.

Mimi nimelipia mwezi mmoja. Ukiisha nitapakia tena mashindano kumi na moja, nihesabu kufuata nimekosea mara ngapi, tuone.